Walioitwa Nusu

Wakubwa wa dunia wakiingia nchi iliyovunjwa na vita, wa kwanza kutafutwa ni mwenye bunduki. Wasio na bunduki huitwa baadaye, viti vikiwa vimeshagawanywa. Haya nayajua kwa kazi. Nimekuwa karani wa kuandikisha wakimbizi, kisha mkalimani na mwezeshaji katika mikutano ya Wasomali iliyofanyika kwenye hoteli za Mombasa na Nairobi, nikilipwa na mashirika ambayo hadi leo nayaheshimu. Nyumbani kwangu ni Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, na vita vya Somalia vilitufikia kwa jahazi.

Rais Siad Barre alipoangushwa Januari 1991, wanamgambo walipita miji ya pwani ya Barawa na Kismayu, kundi hili likitoka, jingine likaingia, na kila kundi likapora lilichokisaza lile la kwanza. Wabarawa, na Wabajuni wa visiwani, hawakuwa na jeshi la ukoo la kuwalinda. Walikuwa wavuvi, washonaji wa kofia, wenye maduka, walimu wa madrasa. Wakapanda majahazi wakaja kwetu. Waliokuwa na jamaa Mji wa Kale walifunguliwa milango, wengine wakaishia kambini Utange na kwingineko pembezoni mwa Mombasa, hadi kambi hizo zilipofungwa miaka ya tisini.

Katika fomu nilizojaza miaka ile, palikuwa na nafasi ya ukoo. Msomali wa bara alinitajia baba, babu, babu wa babu, mpaka nikaishiwa na mstari. Mzee wa Barawa alinitajia mtaa wake na msikiti wake, akanyamaza, maana alikuwa amekwisha kujieleza. Sisi watu wa Mvita, yaani Mombasa, tunamwelewa. Tuna Thenashara Taifa zetu, koo kumi na mbili za Waswahili, Tisa na Tatu, na wazee wanajua nani ni Mkilindini, nani Mtangana. Lakini siku ya kura mtu wa Mombasa hupanga foleni pale alipoandikishwa, na karatasi yake ni moja sawa na ya jirani yake.

Kwa Wasomali sivyo. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa amani ya Somalia uliofanyika Arta nchini Djibouti, ndipo ulipopitishwa mgao wa madaraka wa nne na nusu. Koo nne kubwa, Hawiye, Darod, Dir na Digil-Mirifle, kila moja fungu zima. Wengine wote nusu fungu: Wabenadir, Wabarawa, Wabajuni, Wabantu wa bonde la Juba na makundi mengine madogo. Tuliambiwa ni mpango wa muda. Ukaja mkutano wa jumuiya ya kikanda ya IGAD, ulioanza Eldoret Oktoba 2002 na kuhamia Mbagathi, Nairobi, mgao ukabaki ule ule. Kati ya viti 275 vya bunge, kila ukoo mkubwa ulipewa 61, na jamii za nusu zikaachiwa 31 wagawane. Wabunge hao waliapishwa Nairobi mwaka 2004, na Oktoba mwaka huo huo wakamchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais ndani ya uwanja wa Kasarani.

Nakumbuka mkutano mmoja hapa Mombasa. Mtaalamu, kijana mpole kutoka Ulaya, alichora duara ubaoni akaligawa. Nilikuwa nikitafsiri, na aliponyoosha kidole kwenye kile kipande chembamba, mama mmoja wa Kibajuni, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, aliuliza, "Mwanangu, hapo tumo wangapi?" Nikamhesabia jamii zilizomo. Akakitazama kile kipande, kisha akasema, "Na mimi nikizaa na mtu wa fungu zima, mtoto atakuwa robo tatu?" Watu walicheka, yeye hakucheka. Alikuwa akiuliza kwa dhati, kwa sababu ana wajukuu wa namna hiyo. Nilimtafsiria mtaalamu neno kwa neno. Akaandika kwenye daftari lake, tukaendelea na ratiba.

Sisemi waliokaa Mbagathi walifanya kazi bure. Bila mikutano ile pasingekuwa na serikali yoyote ya kuzungumza nayo, na askari wa Uganda na Burundi waliokwenda na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, tangu 2007, na wa Kenya waliowafuata, wamemwaga damu nyingi ili Mogadishu ipate pumzi. Lakini taasisi hizi hufanya kazi kwa saa ya wafadhili. Muhula una mwisho, bajeti ina mwisho, na ripoti inataka saini. Wa kutia saini ni yule anayeweza kuvuruga asipotia. Kwa hiyo mpango wa kusimamisha risasi hugeuzwa katiba ya maisha, na hakuna anayeandika siku utakapokoma.

Hili si la Somalia peke yake. Mkataba wa Dayton wa mwaka 1995 ulizima vita Bosnia kwa kugawa madaraka kwa Wabosnia, Waserbia na Wakroati. Myahudi na Mroma wakabaki "wengineo", wasioweza kugombea urais. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema mwaka 2009 kwamba huo ni ubaguzi, na katiba bado haijarekebishwa. Burundi, iliyopatanishwa Arusha mwaka ule ule wa mkutano wa Arta, 2000, angalau iliwatengea Watwa viti vyao kwa jina.

Kwa Somalia, mara ya mwisho kupigwa kura ya ushindani ya taifa zima, mtu mmoja kura moja, ilikuwa Machi 1969. Mwaka 2012 wazee 135 ndio walioteua wabunge. Mwaka 2016 kila kiti kilichaguliwa na wajumbe 51, jumla 14,025 katika nchi ya mamilioni. Kwenye uchaguzi wa 2022 wajumbe walikuwa 101 kwa kiti, na wabunge wakamchagua rais ndani ya uwanja wa ndege wa Mogadishu, wakilindwa na askari wa Umoja wa Afrika. Kila mara dunia ilipongeza hatua. Mimi naona uzani ule ule. Kuongeza wajumbe ndani ya nusu hakuifanyi nusu kuwa nzima.

Mwaka 2024 bunge la Mogadishu lilipitisha sheria ya kurudi kwenye kura ya moja kwa moja. Nimeifurahia, na tangu hapo kila anayeniita kazini namwambia jambo moja: fedha za sanduku la kura zitanguliwe na fedha za daftari la wapiga kura. Barawa iliokolewa kutoka kwa al-Shabaab Oktoba 2014, lakini wengi wa wenyeji wake wako Mombasa, Marekani na Uingereza, na nyumba zao zina watu wengine ndani. Mbajuni aliyeomba hifadhi Uingereza alihojiwa majina ya visiwa vya kwao ili athibitishe kuwa ni Msomali kweli. Je, daftari la wapiga kura likifunguliwa Kismayu, atahitaji mzee wa ukoo gani wa kumdhamini? Nataka jibu hilo liandikwe kwenye kanuni sasa, kabla wasimamizi wa kimataifa hawajafunga mizigo yao, na Wabarawa na Wabajuni wa Mji wa Kale wawepo mezani likiandikwa.