Wanawake katika Vitabu vya Hadithi za Picha

Mwaka jana, katika saa ya hesabu, nilimkuta msichana mmoja wa darasa langu amelaza kitabu kingine chini ya daftari yake. Nilikichukua, kama walimu wote wafanyavyo, nikakitia mfukoni mwa koti. Kilikuwa kitabu cha hadithi za picha, cha Kijapani kilichogeuzwa kwa Kifaransa, kimechakaa kwa kupita katika mikono mingi. Juu ya jalada palichorwa askari mwenye upanga na nywele ndefu za dhahabu, nami sikuweza kutambua kama ni mwanamume au mwanamke. Saa ya kutoka yule msichana alinifuata mpaka mlangoni. Hakulia, wala hakuomba kurudishiwa. Aliniuliza kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, wewe umekwisha kukisoma?"

Sikuwa nimekisoma. Na swali lile lilinichoma, wasomaji wapenzi, kwa sababu ambayo sina budi kuiungama hapa. Miaka sita kabla ya siku ile nilimnyang'anya msichana mwingine daftari iliyojaa picha alizozichora mwenyewe: wanawake wanaoruka angani, farasi, mapigano, na maneno yameandikwa ndani ya viduara juu ya vichwa vyao. Niliitupa motoni mbele ya wenzake, nikidhani natimiza kazi yangu. Katika wote niliowafundisha hakuna aliyekuwa na mkono mwema kama wake. Tangu siku ile sikumwona tena akichora; hata ramani za jiografia alizichora ovyo. Basi safari hii nilikipeleka kitabu nyumbani, nikawasha taa, nikasoma mpaka usiku mkubwa.

Ilikuwa sehemu ya kwanza ya "Waridi la Versailles", hadithi iliyotungwa na kuchorwa na Bibi Ikeda Riyoko. Ilitoka kidogo kidogo katika gazeti la wasichana la Margaret, tangu mwaka 1972 mpaka 1973. Mtungaji alipoianza alikuwa na miaka 24 tu. Wakubwa wa gazeti walisita, kwa kuwa waliona mambo ya historia si ya kuwapendeza wasichana. Yeye alishika neno lake, na wasichana wa Japani wakaipenda hadithi ile kupita kiasi. Inasimulia Ufaransa kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789. Malkia Marie Antoinette yumo, naye ni mtu wa historia. Lakini yule askari wa jaladani, Oscar, ni wa kutungwa. Baba yake ni jemadari aliyezaa mabinti watupu. Alipozaliwa huyu wa mwisho, baba akaamua kwamba atalelewa kama mtoto wa kiume. Oscar anajifunza farasi na upanga, anakuwa mkubwa wa askari wanaomlinda malkia. Anaona anasa za jumba la kifalme, kisha anaona njaa ya mitaa ya Paris. Baba anapozeeka anajuta, anataka binti yake sasa avae gauni na kuolewa. Oscar anamshukuru kwa malezi yale, lakini harusi anaikataa. Mwisho anaacha upande wa wakubwa, anaongoza askari wake kuwasaidia watu maskini, na anakufa kwa risasi siku lilipotekwa gereza la Bastille.

Nilikuwa nimedhani kwamba mwanamke shujaa katika vitabu hivi ni mwanamume aliyebandikwa nywele ndefu. Kumbe sivyo. Oscar anapenda, anakosea, anaona haya, analia. Ila mambo makubwa ya maisha yake yanatokea kwa sababu yeye mwenyewe ameyachagua, na msomaji anayaona kwa macho yake.

Baada ya hapo nilisoma vingine, vya Japani na vya Marekani. Wanafunzi waliposikia kwamba Mwalimu anasoma, waliniletea vitabu, na wengine simu zao. Sisi wazazi na walimu, tukifungua kitabu cha namna hii, hutazama kwanza nguo. Nguo si jambo dogo, nami nitalirudia. Lakini kuna swali jingine lililonifunulia zaidi: mwanamke huyu ameingizwa katika hadithi kwa ajili ya nini?

Tumtazame Lois Lane. Alizaliwa pamoja na Superman katika kitabu kimoja, mwaka 1938, kwa kalamu za vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster. Alikuwa mwandishi wa habari, mwenye ulimi mkali, asiyeogopa majambazi. Kazi nzuri, tena ya akili. Lakini mwaka 1958 alipopewa gazeti lake mwenyewe, jina la gazeti lilikuwa "Lois Lane, Mpenzi wa Superman", na mara nyingi taabu yake kubwa humo ni namna ya kumpata Superman amwoe. Gazeti lake, lakini hata jaladani ametajwa kwa jina la mwingine! Liliendelea hivyo mpaka mwaka 1974.

Wengine walipata mabaya zaidi. Katika hadithi ya Green Lantern ya mwaka 1994, kijana shujaa anarudi nyumbani na kumkuta mpenzi wake, Alexandra, mpiga picha, ameuawa na kusukumizwa ndani ya frigo ya jikoni. Wasomaji walikuwa wamemjua kwa miezi michache tu. Alikufa ili kijana yule apate hasira ya kupigana. Bibi mmoja wa Marekani, Gail Simone, msomaji wa vitabu hivi tangu utoto, mwaka 1999 alianza kuandika orodha ya wanawake wa hadithi waliouawa, walioteswa au walionyang'anywa nguvu zao, akaipa orodha hiyo jina la frigo ile. Ikawa ndefu, ndefu mno. Hakusema kwamba mwanamke asife kamwe hadithini, maana mashujaa wanaume nao hufa. Lakini mwanamume mara nyingi hufa vitani, kwa kazi yake, kisha hufufuliwa kwa shangwe. Mwanamke alikufa jikoni.

Katika orodha ile yumo Barbara Gordon, na kwake nilikaa muda mrefu. Huyu alikuwa mtunza vitabu wa maktaba, na usiku alivaa vazi la popo kupigana na waovu. Mwaka 1988, katika kitabu kilichosifiwa sana kwa uzuri wa michoro, anafungua mlango wa nyumba, na mwovu anampiga risasi. Anapooza miguu. Ukiendelea kusoma unagundua kwamba hadithi haimhusu yeye: inahusu uchungu wa baba yake, na ugomvi wa Batman na mwovu yule. Aliyepigwa risasi anaachwa kitandani kama kitu kilichokwisha tumika. Lakini mwaka uliofuata Bibi Kim Yale na mumewe John Ostrander walimwokota. Walimweka katika kiti chake cha magurudumu mbele ya mashine zake, wakamfanya mjuzi wa siri zote, ambaye mashujaa wenzake wanamtegemea kwa habari na shauri. Hawakuhitaji kumponya miguu. Walimrudisha tu ndani ya hadithi, akawa na kazi ya kufanya na neno la kusema.

Mtu ataniuliza: Na Wonder Woman je? Kweli, alitokea tangu mwaka 1941, ana nguvu kuliko wanaume wengi, na mtungaji wake, Bwana William Moulton Marston, mtaalamu wa saikolojia, alimtunga kwa kusudi la kuonyesha uwezo wa wanawake. Lakini mwaka 1942, alipoingizwa katika chama cha mashujaa wenzake, walimpa kazi ya ukarani. Wanaume wakienda vitani, yeye akiandika habari za mikutano! Tena, tangu mwaka 1944, nyingi za hadithi zake zilitungwa na msichana aliyeitwa Joye Hummel, aliyekuwa mwanafunzi wa Bwana Marston. Jina lake halikuchapwa. Lilichapwa jina la uandishi la mwalimu wake. Shujaa wa kike aliruka angani, na bibi aliyemwandikia maneno hakujulikana kwa miaka mingi. Yule Gail Simone wa orodha, baadaye aliitwa kumwandika Wonder Woman mwenyewe, tangu mwaka 2007 mpaka 2010.

Wasomaji wetu wengi watamkumbuka zaidi Storm, ambaye jina lake ni Ororo, na ambaye mama yake ni wa Kenya. Alipotokea mwaka 1975 alikuwa katika bara la Kenya, watu wamempigia magoti kama mungu wa mvua, mwili wake karibu wazi, nywele nyeupe na macho ya buluu. Nasema wazi kwamba picha ile ilinikera. Ni Afrika ya mtu ambaye hajafika Afrika. Lakini sikufunga kitabu, na nilifanya vema, maana mtungaji aliyefuata, Chris Claremont, alimlea miaka 16 kwa uvumilivu. Katika kitabu cha mwaka 1986 Ororo amepoteza nguvu zake zote za mvua na umeme. Hata hivyo anashindana na kiongozi wa kundi lao, anamshinda kwa akili tu, na kundi linabaki chini yake.

Sasa turudi Japani, maana huko jambo moja lilikwenda kwa njia nyingine. Magazeti ya hadithi za picha huko yamegawanywa: haya ni ya wavulana, haya ni ya wasichana. Hapo mwanzo hata ya wasichana yalichorwa hasa na wanaume. Bwana Tezuka Osamu, aliyelelewa katika mji wa Takarazuka, wenye tamthilia maarufu ambayo wachezaji wake wote ni wanawake, alianza mwaka 1953 hadithi ya binti mfalme Sapphire, aliyezaliwa na mioyo miwili, wa kike na wa kiume, naye hujifanya mwana wa mfalme ili aurithi ufalme. Ni hadithi tamu. Lakini ushujaa wake umewekwa katika ule moyo wa kiume, na mwisho anaolewa, basi.

Karibu na mwaka 1970 wakaja wasichana wenyewe, wengi wao wamezaliwa karibu na mwaka 1949: Hagio Moto, Takemiya Keiko, Ikeda wetu, na wenzao. Walikuwa wamekua wakisoma magazeti yale, na sasa walishika kalamu. Huko Marekani mambo yaligeuka kinyume. Katika miaka ya 1950 wasichana wa Marekani nao walisoma sana hadithi za picha, hasa za mapenzi, lakini miaka iliyofuata hadithi hizo zilififia, na vitabu vikaanza kuuzwa katika maduka maalum walikojaa wavulana na wanaume. Mchoraji huchora kwa ajili ya yule anayemwona akiingia dukani.

Nisisahau Bibi Hasegawa Machiko, aliyetangulia wote. Mwaka 1946, vita vimekwisha na watu wana njaa, alianza katika gazeti la Fukuoka hadithi fupi za Sazae, mama wa nyumbani anayecheka kwa sauti, anayesahau viatu, na ambaye mumewe ndiye aliyehamia kwa wazazi wa mke! Baba zetu wangetikisa kichwa. Alimchora mpaka mwaka 1974, na yeye na dada yake walianzisha nyumba yao wenyewe ya kuchapa vitabu.

Lakini mtu asidhani kwamba Japani ni peponi. Katika magazeti ya wavulana na ya wanaume wazima nimeona wasichana wa shule waliochorwa miili ya watu wazima, sketi zinapeperushwa na upepo ili msomaji acheke. Mwaka 2014 sheria ya nchi ilikataza watu kuwa na picha chafu za watoto, lakini michoro iliachwa nje ya sheria hiyo. Hapo sina neno la kuwatetea. Nao Wamarekani waliwekeana kanuni mwaka 1954, kwamba miili ya wanawake isichorwe kwa kutiwa chumvi. Baadaye waliichora kwa chumvi tele, na mwaka 2011 hata kanuni yenyewe ikaachwa.

Kuhusu nguo, jibu lililonifurahisha alilitoa msichana wa hadithini. Ni Kamala Khan, wa mji wa Jersey City, wa wazazi Waislamu kutoka Pakistani, aliyeandikwa tangu mwaka 2014 na Bibi G. Willow Wilson. Anatamani kuwa kama shujaa anayempenda, mzungu wa nywele za dhahabu. Anapata nguvu, anageuka awe kama yule, na mara anaona kwamba viatu vinabana na lile vazi dogo linamsumbua kila anapotembea. Mwisho anajishonea vazi la vita kutokana na nguo ya kuogelea ya heshima. Hakuna aliyemhubiria.

Kitabu cha Oscar nilikirudisha siku ya tatu. Yule wa kwanza, wa daftari niliyoichoma, nilimtafuta sokoni anakouza vitambaa, nikamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema, "Mwalimu, hayo ni ya zamani." Kisha akaendelea kupima kitambaa cha mteja.

Msichana wa mwaka jana sasa huchora baada ya saa za darasa, juu ya meza yangu, kwa sababu nyumbani kwao taa ni moja. Hadithi yake ni ya mama anayesukuma baisikeli yenye magunia ya makaa, kupanda mlima, wakati wa mvua. Juzi aliniruhusu kutazama kurasa za kwanza. Mama yu peke yake katika picha zote. Nikamwuliza, "Na mumewe yuko wapi?"

"Yuko, Mwalimu," akajibu bila kuinua kichwa. "Anakuja kwenye picha ya kumi na mbili."