Kazi ya Mwakilishi Bunge Likifungwa

Brooklyn Park, Minnesota
Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku tu wazima, ila baridi imeanza kuingia na makoti yametoka kabatini. Mama yako ameniambia kwamba umeamua kuwania uwakilishi wadi mwaka wa 2027, na kwamba kinachokunyima usingizi ni pesa: za harambee, za matanga, za karo za watoto wa watu. Jambo hili lataka utulivu kuliko simu, ndiyo maana nakuandikia. Nataka nikueleze wanavyofanya kazi wabunge wa jimbo hili katika miezi ambayo bunge lao limefungwa. Nimewatazama kwa muda mrefu, na naamini yako mengi yanayokuhusu.

Kwanza pima ukubwa wa kiti. Kila jimbo la Marekani lina bunge lake la kutunga sheria. La Minnesota lina wawakilishi 134 na maseneta 67. Sensa ya 2020 ilihesabu watu milioni 5.7 hapa, kwa hivyo mwakilishi mmoja ana watu kama 42,500. Kwetu Kenya sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, nazo wadi ni 1,450. Wastani ni watu kama 33,000 kwa wadi. Unaona basi kwamba huyu mwakilishi wa Minnesota hayuko mbali na wewe kama wale wakubwa wa Washington mnaowaona kwenye televisheni. Mzigo wake na wako unakaribiana.

Bunge hilo halikai mwaka mzima. Katiba ya jimbo inaliruhusu siku 120 tu za vikao katika kila kipindi cha miaka miwili, na kila mwaka lazima lifunge mwezi wa Mei. Mwaka huu wabunge walifunga bila kumaliza bajeti, wakarudi mwezi wa Juni kwa kikao maalumu kuikamilisha, na sasa hawatakutana tena katika mji mkuu, St. Paul, hadi tarehe 17 Februari 2026. Wengi wao wana riziki nyingine: wako walimu, wakulima, wauguzi na mawakili. Bunge likifungwa, mwakilishi anarudi kazini kwake na mtaani kwake, na hapo ndipo watu wanampata.

Jumanne ya kwanza ya Agosti mitaa mingi ya huku hufungwa jioni magari yasipite, majirani wakatoa meza na vyakula wakala pamoja. Mwakilishi hupita mtaa mmoja hadi mwingine akisalimu na kuulizwa maswali. Mwisho wa mwezi huo huo huja maonyesho makubwa ya jimbo, na Baraza la Wawakilishi huweka kibanda pale watu wajaze karatasi ya maswali kuhusu mambo yanayobishaniwa bungeni. Kisha kuna safari za kamati. Kamati inayoshughulikia mikopo ya ujenzi hupanda basi ikazunguka vijiji na miji kukagua mitambo ya maji, madaraja na majengo ya vyuo yanayoombewa fedha. Mikopo hiyo haipiti bila kura tatu kati ya kila tano katika kila baraza, kwa hivyo wa chama hiki na wa chama kile hulazimika kusimama pamoja mbele ya bomba lililooza na kuliona kwa macho yao.

Acha nikupeleke kwenye mkutano mmoja niliohudhuria. Ulikuwa Jumamosi asubuhi, katika chumba cha mikutano cha maktaba, na watu hawakuzidi thelathini. Mwakilishi alikuja na daftari na msaidizi mmoja. Hapakuwa na hema, ngoma wala fulana za bure. Mzee mmoja alisimama akalalamika kuhusu makutano ya barabara karibu na shule, kwamba watoto wanavuka kwa kubahatisha. Mwakilishi akamjibu, "Barabara ile ni ya kaunti, mimi sina mamlaka nayo. Lakini kamishna wenu ni huyu, na nitamwandikia leo nikutumie nakala." Mzee akaketi ameridhika, ingawa alikuwa ameambiwa hapana.

Akafuata dada mmoja wa kwetu, tunayefanya naye kazi ya kutunza wazee. Hapa jimboni kuna sheria iliyopitishwa mwaka 2023, itakayoanza kutumika tarehe 1 Januari 2026, ya kumlipa mfanyakazi anapokuwa mgonjwa, anapojifungua au anapomuuguza mtu wa familia yake: hadi wiki 12 kwa sababu moja, na zisizidi 20 kwa mwaka. Yule dada hufanya kazi kwa waajiri wawili, mchana huku na usiku kule, naye alitaka kujua hesabu yake itakuwaje. Mwakilishi hakubahatisha. Alimuuliza saa zake, namna anavyolipwa na kila mwajiri, na kama amepewa tangazo lolote kazini. Msaidizi akaandika yote. Siku chache baadaye yule dada alipigiwa simu akaelezwa aanzie wapi.

Mambo kama hayo ndiyo yanayozaa miswada. Mwakilishi akisikia shida ile ile katika vikao vitatu vinne, anajua kwamba sheria ina tundu. Kabla ya kikao kijacho anapeleka wazo lake kwenye ofisi ya bunge ya uandishi wa sheria, ambako wanasheria wasiofungamana na chama chochote humwandikia mswada kwa lugha inayofaa. Bunge linapofunguliwa, anakuwa na mswada mkononi na majina ya wenye shida walio tayari kuja kutoa ushahidi mbele ya kamati.

Katika yote hayo mwakilishi hatoi noti mfukoni kumpa mtu. Sheria ya jimbo inakataza mgombea kumpa mpiga kura pesa au kitu cha thamani ili apate kura yake, na washawishi nao hawaruhusiwi kuwapa wabunge zawadi. Najua utaniambia huko ni Amerika. Hata kwetu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kununua kura. Tena fungua Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9. Inasema mwakilishi wadi awe karibu na wapiga kura na ashauriane nao juu ya yale yanayojadiliwa bungeni, na inamzuia kujiingiza katika kazi za watendaji wa kaunti. Kuwa mfadhili wa matanga yote hakumo katika kazi ulizopewa.

Ukaribu huo una gharama yake, na sitakuficha. Alfajiri ya tarehe 14 Juni, siku chache baada ya bajeti kupita, mtu aliyevaa kama polisi alibisha mlango wa mwakilishi Melissa Hortman hapa hapa Brooklyn Park, akamuua yeye na mumewe Mark. Usiku huo huo Seneta John Hoffman na mkewe walipigwa risasi nyumbani kwao katika mji jirani wa Champlin, wakanusurika. Hortman alikuwa Spika mwaka ule sheria ya likizo ya malipo niliyokutajia ilipopita, na mwaka huo huo watoto wa shule za jimbo hili walipata chakula cha bure. Mwili wake ulilazwa katika jengo la bunge watu wapite kumuaga, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo hapa. Tulilia kama tuliofiwa na jirani, na jirani ndiye aliyekuwa. Nilidhani baada ya hapo milango ingefungwa. Mwezi wa Septemba kiti chake kikajazwa kwa uchaguzi mdogo, na wagombea walirudi mitaani kupiga hodi nyumba kwa nyumba. Nawaheshimu sana kwa hilo.

Na usidhani milango hii ni ya wenyeji peke yao. Mwaka jana Huldah Momanyi-Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi kutoka upande huu wetu. Wazee waliofika huku miaka ya nyuma na kuamini kwamba siasa ni ya wenye nchi, leo wanajua ofisi ya kuandikia.

Kwa hivyo, mpwa wangu, usingoje 2027. Anza sasa, ukiwa huna cheo. Tafuta siku moja ya mwezi, mahali pamoja pasipobadilika, watu wajue utakuwapo. Chukua daftari. Tenganisha shida za kaunti, kama zahanati, barabara ndogo, soko na chekechea, na zile za serikali kuu, kisha mwambie mtu ukweli kama shida yake si ya ofisi unayoitafuta. Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Yasome, uwaeleze watu wa wadi ni nini kimetengewa zahanati yao na nini hakikutengwa. Rudi kwao na jibu hata kama jibu ni hapana. Ukishinda, fanya hivyo hivyo kila bunge linapokwenda mapumzikoni. Ukishindwa, wadi itakuwa imepata mtu anayejua shida zake kwa majina.

Kuhusu mchango wangu, nitasema wazi ili tusije tukalaumiana. Pesa za kugawa kwenye matanga sitatuma. Ukiniandikia kwamba unahitaji kukodi viti na ukumbi ili watu wa wadi wakae wakuhoji, nitatuma siku hiyo hiyo, na nakala ya maswali waliyouliza naomba unitumie.

Nisalimie mama yako na wazee wote.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.