Binti Yetu na Mwavuli wa Akiba

Akina mama wenzetu, mtoto akishapita miaka ishirini hafungwi tena mgongoni kwa kanga. Binti yetu alipotuambia kwamba anataka kujifunza kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti, huko Diani, kusini mwa Mombasa, chakula cha jioni kilipoa mezani. Njia zilikuwa mbili: kumkataza, naye pengine aende kwa siri, au kufuatana naye tukaone. Mimi na baba yake tuliafikiana kwenda.

Jambo lenyewe si mchezo. Ndege hupanda kiasi cha futi 10,000 au zaidi. Mrukaji huanguka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa, kwa muda usiozidi dakika moja hivi, kisha hufungua mwavuli. Mgeni hufungwa kifuani mwa mwalimu wake. Mgongoni hubebwa miavuli miwili, mmoja wa kutumia na mmoja wa akiba. Tena kuna kifaa kidogo ambacho hufungua ule wa akiba chenyewe, endapo mtu amekaribia ardhi bado anaanguka kwa kasi. Huko Marekani, mwaka 2023, watu 10 walikufa katika miruko ipatayo milioni 3.65. Ni wachache, lakini kila mmoja alikuwa na mama yake.

Tulidhani hatari kubwa ni mwavuli kukataa kufunguka. Kumbe wengi huumia au kufa wakiwa na mwavuli mzima uliofunguka vizuri, kwa sababu ya kukata kona kali karibu na ardhi, au kugongana na mwenzao. Ndiyo maana warukaji wana adabu zao. Aliye chini hupewa njia na aliye juu. Wote huzunguka upande mmoja wanapokuja kutua. Hakuna anayegusa vifaa vya mwenzake bila ruhusa, lakini kila mmoja hukubali kukaguliwa mikanda yake kabla ya kuruka. Aliyetua hukusanya mwavuli wake na kuondoka upesi. Na hakuna apitaye mbele ya ndege ambayo mapanga yake yanazunguka.

Hapo sisi wauguzi tulijiona nyumbani. Wodini, mgonjwa haongezewi damu mpaka watu wawili wamehakikisha jina lake na kundi la damu, hata kama mmoja ana uzoefu wa miaka ishirini. Kukaguliwa si kudharauliwa.

Mchana upepo wa bahari ulizidi. Mwalimu alitazama bendera ya upepo, akasema hakuna kuruka tena. Kijana mmoja alinung'unika kwamba ametoka mbali na amekwisha kulipa. Mwalimu hakugombana naye, alirudia neno lile lile kwa upole. Tulimtazama binti yetu. Alivua vifaa, akavipanga, akaja kuketi nasi kivulini. "Mama, nitarudi siku nyingine," akasema. Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sisi tumeyafunga plasta mengi ya namna hiyo.

Usiku ule mimi na baba yake tuliongea hadi saa sita. Hofu haikuisha, wala hatutawadanganya kwamba imeisha. Lakini tulimpa baraka zetu kwa masharti mawili: asiruke siku ambayo amechoka au ana mawazo mazito, na asione haya kushuka na ndege iwapo moyo wake unamkataza. Alikubali, naye ameanza mafunzo. Kila akienda tunamwombea, kisha tunaendelea na kazi zetu.

Mama mwenzetu, huenda wako harukii angani. Huenda anaendesha pikipiki, au anaogelea baharini na wenzake. Kabla hujasema ndiyo au hapana, uliza maswali matatu. Ni nani anayemkagua? Ni nani anayeweza kumwambia "leo hapana"? Naye akiambiwa, husikia? Majibu yakiwa mazuri, unaweza kumwachia huku ukiomba. Yakiwa mabaya, kaa naye chini mzungumze mapema, kabla hatujampokea sisi wa zamu ya usiku.