Rimu Ndogo, Mpira Mnene

Nilikulia katika mji uliotengeneza matairi. General Tyre ilianzishwa Arusha mwaka 1969, na katika utoto wangu mwenye kazi pale alihesabika mtu mwenye kazi. Baba mdogo hakuajiriwa pale. Yeye alikuwa mteja. Land Rover yake 109, iliyo wazi nyuma, ilileta mahindi na maharage kutoka Babati na Mbulu ikikanyagia rimu za chuma za inchi 16 na matairi membamba ya 7.50 yenye tyubu ndani. Kuchagua hakukuwapo. Ulinunua lililopatikana, tena wakati mwingine kwa kujuana. Tairi lenye kashata lilikuwa zima, lililo kipara lilisubiri kiangazi, na lililochanika ubavu lilishonwa. Rimu hakuna aliyeizungumzia mpaka ipinde, na ikipinda ilinyooshwa kwa nyundo.

Nilipohamia Walthamstow, London, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikaingia kazi ya kupeleka vyakula kwenye soko la High Street, mtaa wa meza na vibanda unaokaribia kilomita moja. Alfajiri nilipakia New Spitalfields, soko la jumla lililohamishiwa Leyton mwaka 1991: ndizi, magimbi, mihogo, viazi vikuu. Kisha nikapanda na Hoe Street kabla mabasi hayajaijaza. Pikapu yangu ya kwanza ilikuwa Mitsubishi L200 ya mtumba, nayo ilikuja imevaa fasheni ya mwenyewe wa kwanza: matairi ya matope yenye kashata kubwa kama matofali, juu ya rimu za aloi zilizochomoza nje ya madigadi.

Fasheni ile ilikuwa na chanzo chake. Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilizihesabu pikapu za milango minne kuwa magari ya kazi, ilimradi ziweze kubeba tani moja. Fundi ujenzi aliyetaka gari la kumpeleka kazini Jumatatu na kuwapeleka watoto mpirani Jumamosi akapata vyote kwa kodi nafuu. Mitaa ya London ikajaa pikapu ambazo hazijawahi kuona tope, na wenyewe wakazivalisha kana kwamba zinalala porini. Hata sisi tuliotoka kwenye tope la kweli tulizitazama kwa tamaa. Kwetu tairi la kashata nene lilikuwa mali.

Aliyenifundisha kulitazama tairi kwa jicho jingine ni mzee mmoja mwenye asili ya Pakistan, fundi tairi jirani na Lea Bridge Road. Vijana wa kwao walimwita Chacha, yaani baba mdogo, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Nilikwenda kwake kuzibiwa pancha. Alilivingirisha gurudumu, akagonga kashata kwa kidole, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia.

"Unabeba nini?"

"Ndizi, Chacha."

"Kilo ngapi?"

Boksi la ndizi lina kilo 18 hivi, na asubuhi ya kawaida nilipakia maboksi hamsini. Kilo 900. Akanionyesha ubavuni mwa tairi, baada ya saizi, namba ambayo macho yangu yalikuwa yakiiruka miaka yote: 112. Ile, akasema, ni kilo 1,120 kwa tairi moja likiwa na upepo wake kamili. Mengine ya saizi ileile huandikwa 121, maana yake kilo 1,450. Hayo yana tabaka nyingi zaidi, ni mazito, hula mafuta, na gari tupu linaruka nayo kama halina shokapu. Anayebeba kila siku ayafikirie. Anayebeba mara moja kwa mwezi anajitesa bure.

Kwake nilijifunza kusoma ubavu mzima. Tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba huuzwa kihalali Uingereza, lakini lazima lipigwe chapa ya kuonyesha ni la mtumba, na kashata zake zisipungue milimita 2. Sheria ya barabarani yenyewe inataka 1.6. Watu hupima kwa sarafu ya peni 20: ukiisimamisha ndani ya mfereji wa tairi na ukingo wake wa nje ukaonekana, nenda kwa fundi. Ukikamatwa na kipara, faini inaweza kufika pauni 2,500 na pointi tatu kwenye leseni, kwa kila tairi. Baba mdogo angeacha biashara.

Kuhusu matairi yangu ya matope, Chacha hakunikemea. Alinieleza tu yanavyofanya kazi. Kashata kubwa zimeachana ili tope litoke. Kwenye lami mpira unaogusa chini unakuwa kidogo, na mvua ya London ndiyo hali ya hewa ya kawaida. Ndiyo maana breki zilikuwa zikichelewa kwenye mzunguko wa barabara kukiwa na unyevunyevu. Akanishauri matairi ya njia zote. Aina hiyo BFGoodrich waliitoa mwaka 1976, radiali ya pikapu yenye kashata za kutosha njia ya vumbi na mpira wa kutosha lami. Nami njia zangu zilikuwa lami kwa wingi, pamoja na ua wa soko uliojaa majani yaliyooza na barafu ya alfajiri. Nilifunga ya saizi ileile, 265/70R16, na zile rimu zilizochomoza nikaziuza. Sheria inataka gurudumu lifunikwe na madigadi.

Baadaye mji wenyewe ukaanza kunichagulia. Mwaka 2014 halmashauri ya Waltham Forest, ikiwa imepata fedha za kuboresha njia za baiskeli, ilianza majaribio katika mitaa ya Walthamstow Village. Njia za mkato zikazibwa kwa masanduku ya miti, Orford Road ikafungiwa magari kwa saa nyingi za mchana, kona zikabanwa, matuta yakaongezeka. Wapo waliopiga kelele na wapo waliopiga makofi. Mimi nilipiga hesabu za upana. London ina vizuizi vya nguzo za chuma ambavyo vingi huruhusu futi 6 na inchi 6, karibu mita mbili. Pikapu ya kawaida ina mita 1.8 na ushee. Ukiweka rimu ya kuchomoza, zile sentimita chache zilizobaki kila upande zinakwenda kwa nguzo, na cha kwanza kukwaruzwa ni aloi. Ukingo wa mtaro wa mawe hufanya kazi hiyohiyo polepole.

Kisha likaja la moshi. Tarehe 25 Oktoba 2021, ULEZ, ukanda wa London unaotoza magari yenye moshi mwingi, ulipanuliwa hadi barabara ya North Circular, na Walthamstow ikaingia ndani. Gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 lilianza kulipa pauni 12.50 kwa siku. L200 yangu haikufikia. Nilifikiria kuisafirisha nyumbani: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hulipokea lakini hulitoza kodi ya uchakavu inayokula faida yote. Nikaiuza mkoani, nikanunua Hilux ya Euro 6.

Hilux ile ilikuja na rimu za inchi 18. Hapo ndipo niliposhika kalamu, kwa sababu kilichotokea kwenye pikapu katika miaka ishirini hakionekani mpaka ukihesabu. Tairi la L200, 265/70R16, lina kimo cha milimita 777. La 265/65R17 lina 776. La Hilux yangu, 265/60R18, lina 775. Gurudumu zima halijakua hata kidogo. Kilichokua ni chuma katikati, na kilicholiwa ni mpira. Ubavu ulikuwa milimita 185, ukawa 172, ukabaki 159. Inchi moja ya upepo na mpira iliondoka, ikaja inchi moja ya aloi inayong'aa, na bei ikapanda.

Walthamstow ilikwisha kuonja mpira usio na upepo. Pale Blackhorse Lane, kampuni ya AEC na walioitangulia ndio waliounda basi la B-type kuanzia mwaka 1910, zaidi ya magari 2,500 yaliyotembea juu ya magurudumu yaliyovishwa mpira mgumu, kisha mamia yakapelekwa Ufaransa na Ubelgiji kubeba askari katika vita vya kwanza. Mgongo wa abiria ndio uliokuwa shokapu. Tangu hapo uhandisi wote wa tairi ulikuwa safari ya kuweka hewa kati ya mzigo na barabara. Kwenye pikapu za leo tumeanza kuitoa tena, kwa ajili ya picha.

Kwa hiyo nikashuka. Kiwanda cha Toyota kinaliuza gari lilelile na rimu za 17, kwa hiyo breki zinaenea, nati ni sita zilezile, na dashibodi haidanganyi mwendo. Kupanda kimo kungekuwa habari nyingine: 265/70R17 inaongeza zaidi ya asilimia 3, spidi unayoiona inakuwa ndogo kuliko unayokwenda, na sheria ya Uingereza hairuhusu hivyo. Niliwaarifu watu wa bima, kwa sababu rimu ikibadilika bila wao kujua wana pa kukataa fidia. Rimu nilichukua za chuma, nyeusi. Matairi nikachagua ya njia zote yenye alama ya mlima na chembe ya theluji, ishara kwamba yamepimwa kwenye theluji. Kati ya yaliyopangwa dukani palikuwa na General Grabber. Wajerumani wa Continental waliinunua General ya Marekani mwaka 1987; kiwanda cha Arusha kilinyamaza kabla ya muongo wa 2000 kwisha, na cha Sameer kule Nairobi kilichotoa matairi ya Yana kikafuata mwaka 2016. Jina limebaki rafuni Walthamstow. Sikulichagua kwa mapenzi. Niliangalia lebo ya mshiko kwenye maji, nikaangalia kelele, nikaangalia namba ya mzigo.

Juzi mpwa wangu, kijana aliyezaliwa hapahapa, amenunua pikapu na anataka matairi ya njia zote juu ya rimu za 20.

"Anko, zitakaa vizuri sana."

"Zitakaa, mpwa wangu. Unabeba nini?"

Anabeba spika na taa za sherehe, kilo mia mbili au tatu, na anakwenda nazo Birmingham na Leicester kwa barabara kuu. Nilimwonyesha kwamba kwa kimo kilekile, rimu ya 20 inamwachia ubavu wa milimita 134. Alidhani nitamsukuma kwenye matairi kama yangu, lakini kazi yake haiyahitaji: hana tope, hana mzigo mzito, na saa nyingi za kelele barabarani zitamchosha. Nilimshauri abaki na rimu za 18 alizopewa na gari, anunue matairi mazuri ya lami yenye daraja la juu kwenye maji, na ahakikishe namba ya mzigo inafanana na ya mlangoni mwa gari. Alinung'unika kidogo kuhusu sura, akauliza kama anaweza angalau kupaka rimu rangi nyeusi. Hilo halina madhara, nikamwambia. Na rangi nitamchangia.