Bisley, ambako bunduki huchaguliwa kama kiatu

Kwetu bunduki ikitajwa mtu hugeuza shingo kutafuta mlango. Bunduki ni ya askari wa benki, ni ya wezi wa ng'ombe, au ni ya yule polisi wa akiba kule kaskazini aliyezeeka na "Mark 4" yake begani. Basi nikikuambia kwamba kuna kambi Uingereza ambako walimu, madaktari, wanafunzi na hata akina nyanya hulala kifudifudi nyasini wakilenga shabaha iliyo mbali kiasi cha viwanja tisa vya kandanda, utasema natia chumvi. Sitii hata chembe.

Siku ukiwa London, panda gari moshi katika stesheni ya Waterloo, ushuke Brookwood, katika jimbo la Surrey. Ni mwendo usiotimu saa moja. Brookwood yenyewe inajulikana zaidi kwa makaburi yake makubwa ajabu, lakini wewe usikawie huko. Sogea hadi kambi ya Bisley, na kabla hujaiona utaisikia.

Chama cha walenga shabaha cha Uingereza kiliundwa 1859, na mwaka uliofuata Malkia Victoria akafungua mashindano ya kwanza huko Wimbledon kwa kufyatua bunduki aina ya Whitworth. Risasi ilipiga karibu kabisa na kitovu cha shabaha. Usimwonee kijicho: bunduki ilikuwa imefungwa kwenye chuma na kulengwa na mafundi mapema, yeye akavuta kamba tu. London ilipozidi kutanuka, risasi na nyumba za watu hazikupatana, na 1890 mashindano yakahamia Bisley. Hadi leo utakuta huko vilabu vya mbao vyenye veranda, vinavyokumbusha nyumba za wakubwa wa reli wa zamani hapa kwetu.

Uwanja utakaokuacha kinywa wazi ni Stickledown. Hapo watu hulenga hadi umbali wa yadi 1,200, na fainali ya Tuzo ya Mfalme huamuliwa kwenye yadi 900 na 1,000. Yadi 1,000 ni mita 914. Kitovu cha shabaha kina upana wa sentimita 60 hivi, sawa na sinia ya pilau ya arusi, lakini kutoka ulikolala shabaha nzima ni kama stempu kwenye bahasha. Tena katika Tuzo hiyo hakuna darubini juu ya bunduki wala kitu cha kuiegemeza. Ni tundu dogo la kuchungulia, mkanda uliokazwa mkononi, na pumzi zako.

Sasa, bunduki gani? Karibu zote utakazoziona ni za komeo. Unainua mkono wa chuma ulio kando, unauvuta nyuma, unatia risasi moja, unausukuma mbele na kuuteremsha, kama mtu afungaye mlango wa ghala. Si za haraka. Lakini komeo likishajifunga sawasawa hakuna kinachochezacheza ndani, na risasi ya kumi huondoka vile vile ilivyoondoka ya kwanza. Ipo sababu nyingine, ya huzuni. Mwaka wa 1987 mtu mmoja aliwaua watu 16 katika mji wa Hungerford, na 1988 sheria ikapiga marufuku bunduki kubwa zinazojipakia zenyewe.

Nami nilipoalikwa kujaribu, siku ya wageni ya klabu moja, macho yalikwenda moja kwa moja kwa bunduki nyeusi, nzito, yenye kitako cha kupendeza. Mzee aliyetusimamia akaniambia nikunje mkono, akaweka kitako kwenye kiwiko na kutazama kidole changu kinafika wapi. Hakikufika kwenye kifyatulio. "Hiyo ni ya mtu mrefu, kijana," akasema. Nikashikilia ile ile. Mgeni naye ana ubishi wake. Kwa yadi 300 tu, shingo niliinyoosha kama kobe, shavu likaelea hewani, na risasi ilipotoka kidole gumba changu kikanipiga puani. Kule mbele hawakuona hata tundu moja. Kisha mzee akanipa nyingine, ya klabu, kuukuu, iliyochubuka rangi, akafupisha kitako chake kwa kuondoa vipande viwili vya mbao. Shavu likatua mahali pake. Shabaha ikateremshwa, ikapandishwa tena ikiwa na kidude cha kuonyesha mahali risasi ilipopita: pembeni, lakini ndani!

Umewahi kununua viatu Gikomba kwa kutazama ung'aaji wake tu? Basi unajua nilivyohisi.

Kwenye veranda nilimkuta mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye yake ilikuwa chungu zaidi. Alikuwa ameweka akiba mwaka mzima, akanunua bunduki ya risasi nyembamba iendayo kwa kasi kubwa, kwa kuwa alisikia haisumbuliwi sana na upepo. Ni kweli haisumbuliwi sana. Ila baruti nyingi katika mtutu mwembamba huunguza chuma, na baada ya risasi elfu moja na kitu mtutu ulikuwa umekwisha. Mwenzake aliyechukua ile ya kawaida ya milimita 7.62, ambayo ndiyo itumiwayo kwenye Tuzo ya Mfalme, mtutu wake humudu risasi elfu kadhaa. Kijana huyo sasa anaazima ya klabu, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipostahili kuanzia. Azima msimu mzima. Bunduki yako itajitambulisha yenyewe.

Na usidhani ya bei ghali itakuokoa na upepo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni, risasi ya 7.62 husukumwa zaidi ya mita mbili kando kabla ya kufika yadi 1,000. Ndiyo maana uwanja umejaa bendera, na ndiyo maana utawaona watu wamelala kimya, kidole kiko tayari, wakingoja tu.

Polisi wa huko hawatoi cheti kabla ya kujua unaitakia nini na utaifungia wapi. Hapa Kenya pia, bila Bodi ya Leseni za Bunduki huna njia.

Ukiweza, nenda Julai, wakati wa mashindano makuu. Mshindi huketishwa kitini na kubebwa juu juu kutoka uwanjani. Mwaka wa 1930 aliyebebwa alikuwa mwanamke, Marjorie Foster, wa kwanza kuwashinda wanaume wote pale. Beba vizibo vya masikio, na mwavuli pia.