Sikio Linalotoa Usaha si Jambo la Kuzoea

Juma hili naandika juu ya masikio ya watoto wetu, maana hapa Mokambo nasikia mara nyingi: "Ni sikio tu, litapona akikua."

Mtoto wa dada yangu mdogo, anayeniita mama mkubwa, ana miaka saba. Sikio lake la kuume lilitoa usaha wenye harufu kwa miezi mingi. Shuleni alidhaniwa kuwa hana adabu, kumbe hakuwa anasikia akiitwa kutoka nyuma. Dada yangu alinunua amoksisilini kwenye farmasi moja, halafu nyingine, na hakuna aliyetazama ndani ya sikio. Jirani akamshauri afungue kidonge cha rangi mbili, amwage unga wake sikioni. Pesa zikaisha, usaha ukabaki.

Nikawasindikiza Lubumbashi kwa munganga wa masikio. Alimulika ndani kwa taa, akaona tundu kwenye kiwambo cha sikio. Alitueleza kwamba usaha ukitoka kwenye tundu kama hilo zaidi ya wiki mbili, ugonjwa umekuwa wa kudumu. Akachukua usaha kidogo kwa kipamba safi, ukapelekwa laboratuari.

Kule vijidudu hupandwa kama mbegu, kisha vikaratasi vya mviringo vyenye dawa mbalimbali huwekwa juu yake. Dawa inayofaa huacha duara tupu kuizunguka. Isiyofaa, vijidudu humea mpaka kuigusa. Kipimo hicho huitwa antibiogramu, na majibu huchukua siku chache.

Kijidudu kilichoonekana ni pseudomonasi. Hupenda maji na unyevu, na kwa asili yake amoksisilini haikiwezi. Ndiyo maana pesa za dada yangu zilipotea bure. Ng'ambo ya mpaka, katika hospitali ya chuo kikuu ya Lusaka, wachunguzi walikuta proteusi na pseudomonasi vikiongoza katika masikio ya namna hii. Stafilokoki naye hupatikana mara nyingi. Kwa macho, usaha wa hiki na wa kile hautofautiani. Tena, dawa ikinywewa ovyo, vijidudu vingine vya mwilini huizoea, na amoksisilini hiyo hiyo tunaihitaji mtoto akipata nimonia.

Mtoto wetu aliandikiwa matone ya siprofloksasini ya sikio kwa wiki mbili. Lakini munganga alisisitiza kwanza kukausha: sokota kitambaa safi kinachonyonya maji, kiweke taratibu sikioni, kikilowa badilisha, mpaka kitoke kikavu. Ndipo utie matone. Mara tatu kwa siku. Sikio lililojaa usaha haliruhusu dawa ifike ndani. Kijiti cha kiberiti, mafuta ya kupikia na maji ya majani visiingie kabisa. Matone nayo usinunue bila kuandikiwa, kwani mengine huweza kudhuru usikivu kiwambo kikiwa na tundu.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, homa kali, shingo ngumu, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja, usingoje kesho. Usaha unaweza kufika kwenye mfupa na hata kwenye ubongo.

Kinga iko mikononi mwetu: kunyonyesha, kutomnywesha mtoto chupa akiwa amelala chali, kumweka mbali na moshi wa makaa, na kutimiza chanjo, pamoja na ile ya pneumokoki iliyoingia katika chanjo za nchi yetu mwaka 2011.

Sikio la mtoto sasa limekauka. Tundu bado lipo na usikivu haujarudi wote, kwa hiyo anakaa dawati la mbele, na akioga hufungiwa pamba yenye vaselini.

Wamama, katika likelemba yetu tutenge kidogo kila juma kwa nauli ya mama atakayehitaji kumpeleka mtoto Lubumbashi. Na kila mmoja wetu leo jioni amwite mtoto wake kwa sauti ndogo akiwa nyuma yake. Asipogeuka, msikasirike. Mpelekeni atazamwe.