Mizani Ilipogoma

Mwalimu huyo alianza na kilo 94. Kwa miezi mitano akashuka hadi 83, kisha mizani ikagoma. Wiki sita mshale haukutikisika. Nyumbani wakamshuku kwamba anakula chapati kisirisiri. Naye kwa hasira akaacha hata ugali wa mchana. Kumbe mwili uliopungua huhitaji chakula kidogo zaidi, tena hujibana kama mkulima aonaye ghala likiisha. Wanaume 36 waliojitolea kupunguziwa chakula huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, walilidhihirisha hilo. Akaurejesha ugali, akawa anateka maji mwenyewe badala ya kuwatuma watoto, akajipima kiuno kwa utepe. Mizani (si ile ya shairi) ilibaki 83. Sketi ya zamani ikafungika.